Hatua Sitini za Ufagio

Mume wa kwanza wa Mwanamkasi Ruwa alipoondoka, alikuwa na lalamiko moja tu. Aliwaambia wazee waliokuja kusuluhisha kwamba amechoka kuishi ndani ya sahani. Wazee walitazama uwanja wa nyumba, udongo mwekundu uliofagiwa mistari mistari kama nywele zilizochanwa, kisha wakatazama viatu vyao, na kesi ikaishia hapo. Mume wa pili, Mwinyihaji, ni mtu wa subira. Alijifunza kuinua miguu kila ufagio unapopita, na ndoa hiyo sasa ina miaka ishirini na sita.

Mwanamkasi ana miaka hamsini na minne. Anaishi Mbuta, upande ule wa Likoni ambako lami huchoka ikawa mchanga, na minazi ikaziachia nafasi nyasi na mikoche. Hufagia mara baada ya sala ya alfajiri, ufagio wa chelewa mkono mmoja, mkono wa pili mgongoni. Hilo peke yake si kichaa. Mbuta, uwanja usiofagiwa ni tangazo. Jirani akipita saa mbili asubuhi akaona majani mlangoni, huuliza mgonjwa ni nani. Tofauti ya Mwanamkasi na wanawake wengine ni kwamba wengine hufika mahali wakaacha.

Miaka mitatu iliyopita, chuo kikuu kimoja kilileta mnara. Uliwekwa katikati ya ekari ishirini za ukoo wa Ruwa, ardhi ambayo ndugu wamekuwa wakiigombania tangu babu afe. Watafiti huipenda ardhi yenye kesi, kwa kuwa hailimwi wala haijengwi. Mnara wenyewe ni mlingoti wa chuma wa mita nne, na watu waliotegemea kitu kirefu walivunjika moyo. Juu una mikono mitatu. Mmoja una vidole vya chuma vinavyousikiliza upepo mara ishirini kwa sekunde. Wa pili una kioo kidogo kinachohesabu hewa ya kaboni inayopita mbele yake. Wa tatu una macho mawili, moja linatazama jua na jingine linatazama nyasi, ili kujua joto lililoshuka ni kiasi gani na lililorudi juu ni kiasi gani.

Aliyeuleta ni Maryanne, mtafiti kijana kutoka Nakuru aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu. Alimweleza Mwanamkasi kazi ya mnara wakiwa wamekaa juu ya sanduku la betri.

"Mama, nyasi zinapumua."

"Kwa pua ipi?"

"Kwa majani. Mchana zinavuta hewa ya kaboni, usiku zinaitoa. Upepo ukipita juu yake unabeba pumzi hizo, na mnara unazihesabu."

"Na moto je? Maana huku kila kaskazi panaungua."

"Hapo ndipo nilipokwama mimi," Maryanne akasema. "Moto unatoa kwa nusu saa kile nyasi zilichokusanya mwaka mzima. Nataka kujua kama mvua ikija zinakirudisha chote, au kila mwaka zinabaki nyuma kidogo. Wakubwa wa dunia wanabishana juu ya nyika kama hii, na hakuna aliyeipima."

Mwanamkasi aliajiriwa kuwa mtunza mnara. Kazi yake ilikuwa kupangusa kioo kwa kitambaa na maji safi, kubadilisha kadi ya kumbukumbu kila wiki mbili, kufukuza mbuzi, na kuandika kwenye daftari kila alichofanya. Alipewa kitambulisho chenye picha yake na maneno "Msimamizi wa Kituo". Kabla ya hapo alikuwa binti Ruwa, kisha mke wa Mwinyihaji, kisha Mama Ismail. Mwezi mmoja baada ya mnara kusimama, chifu alimwita mbele barazani na kumpa kiti cha plastiki chenye mikono, na watu wakaanza kumwita Mama Mnara. Lilikuwa jina la kwanza ambalo hakulipata kwa mwanamume.

Mkataba wake ulikuwa na kurasa sita. Ulikataza pombe, ufisadi na kupiga picha za vyombo bila ruhusa. Haukusema neno juu ya kufagia. Walioutunga hawakuwahi kuulizwa na jirani mgonjwa ni nani.

Wiki ya kwanza alifagia hatua mbili tu kuuzunguka mlingoti, kwa sababu mgeni hawekwi kichakani. Wiki ya tatu alimwona nyoka, akaongeza hatua tano. Kisha akafikiria moto: nyasi kavu zikigusa chuma cha watu, nani atajibu? Alichukua jembe, akakata nyasi, akampa jirani yake Kazungu alishe mbuzi, na kilichobaki akakifagia. Kila sababu ilikuwa ya maana, ndiyo maana hakuna aliyemkanya. Imamu alipita akamsifu kwamba usafi ni sehemu ya imani.

Halafu akagundua kwamba takataka huja na upepo. Kusi linavuma miezi mingi kuliko kaskazi, na majani yote makavu yalitokea upande huo. Akaamua kuyafuata huko huko yanakotoka. Kufikia mwaka wa pili uwanja wa mnara ulikuwa umefika hatua sitini upande wa kusi, mwekundu, laini, wenye mistari.

Hakujua kwamba mnara nao hunusa upande huohuo. Chombo cha mita nne husoma ardhi ambako upepo unatoka, hatua sitini, mia hivi. Mwanamkasi, bila shahada yoyote, alikuwa ameikisia sehemu hiyo kwa usahihi ambao ungempa mwanafunzi alama, kisha akaing'oa.

Alikuwepo mtu wa kuligundua hilo. Gershom, fundi wa mradi anayeishi Mikindani, alifika kila miezi mitatu kukaza skrubu. Alikula samaki wa kupaka kwa Mwanamkasi, akalala kidogo kwenye mkeka chini ya mlingoti, na kwenye fomu penye "hali ya eneo" akaandika: safi sana. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema, alishangaa kwa dhati. "Palikuwa pasafi," alisema. "Ningesema nini?"

Maryanne wakati huo alikuwa nchi ya baridi, akizichambua tarakimu. Nyika ya Mbuta ilipumua kama mgonjwa mahututi. Mchana ardhi yake ilichemka kama lami, na mvuke wa maji uliopanda ulikuwa wa kuhesabika. Profesa wake mmoja alishikilia kwamba ni chumvi ya bahari. Mwingine alishikilia kwamba udongo umechoka. Waliandikiana barua kwa miezi minane, wakianza na "mwenzangu mpendwa" na kuishia bila salamu. Hakuna kati yao aliyekuwa na nadharia ya ufagio.

Mwezi Machi mwaka jana Maryanne alirudi kuiona nyika iliyokuwa ikifa. Alishuka uwanja wa ndege, akachukua gari kupitia Dongo Kundu, na saa kumi alikuwa Mbuta. Mwanamkasi alikuwa amefagia mara mbili kwa heshima yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umekonda? Huko hawapiki?"

Maryanne alikuwa akitazama mnara, kisha chini ya mnara, kisha mbali zaidi chini ya mnara.

"Mama. Nyasi ziko wapi?"

"Nyasi gani?"

"Za hapa."

"Aa, zile!" Mwanamkasi akang'aa. "Zilikuwa zinausonga mnara wako. Nimeziondoa. Wallahi nilianza na hatua mbili, leo ni sitini. Ukitaka nikufikishie mia kabla ya Idi, sema tu."

Maryanne aliketi pale pale udongoni. Mwanamkasi alitazama kwa makini na kuridhika: suruali haikushika hata chembe.

"Mama, nimekuwa nikipima uwanja wako," Maryanne alisema. "Nimeandika kurasa mia mbili juu ya uwanja wako."

"Na umeuonaje?"

Ilibidi waanze upya kuanzia pumzi. Safari hii Maryanne alichora ardhini kwa kijiti, na Mwanamkasi, ambaye mkono ulimwasha kuufuta mchoro huo, alisikiliza hadi mwisho. Alipoelewa, aliutazama mnara. Kisha akasema neno alilokuwa akiliogopa.

"Watauondoa?"

"Maprofesa wanataka uhamishwe. Kuna mahali huko bara, nyasi hadi kiunoni, hakuna mtu."

"Hakuna mtu! Na kioo atakipangusa nani, twiga?"

"Mama..."

"Basi nisikilize. Kosa ni langu, na nimelifanya kwa bidii. Masika yanakuja. Nipe msimu mmoja, nyasi zirudi."

Maryanne aliomba daftari. Lilikuwa limekaa miaka miwili kwenye sanduku la betri bila kusomwa na yeyote, maana hakuna aliyedhani lina kitu. Alifungua. *Jumatatu. Nimepangusa kioo. Nimefagia, kusi hatua kumi na mbili.* *Jumanne. Nimefagia, kusi kumi na mbili. Mbuzi wawili wa Kazungu.* Aligeuza kurasa. Kumi na nne, ishirini, thelathini na moja. Kila siku, kila hatua, hata siku za Idi, kwa mwandiko ulionyooka kama uwanja wenyewe.

"Umeandika kila siku?"

"Si mlisema niandike?"

Maryanne alicheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege. Alikuwa na miaka miwili ya vipimo vya ardhi iliyovuliwa nyasi hatua kwa hatua, na rekodi ya kila hatua. Profesa wa chumvi na profesa wa udongo wangeweza kufa kwa amani. Lakini swali lake la moto lilihitaji nyasi, na alisema wazi sharti lake: nyasi zirudi, moto wa kaskazi upite mara moja juu yake, na ufagio usiguse. Akikuta pamefagiwa, mnara unaondoka.

"Nipe hatua kumi kuuzunguka mlingoti," Mwanamkasi akasema.

"Moja."

"Tano. Moto utakula nyaya."

"Nyaya tutazifukia. Mbili, ili sanduku lisiungue."

"Mbili zangu au zako?"

"Zako, mama."

"Zangu ndefu," Mwanamkasi alisema, na wakakubaliana.

Masika yalikuja, na aibu ikaja nayo. Nyasi zilichomoza wiki ya pili, kwanza kama ndevu za kijana, kisha za shehe. Mwanamkasi alizipita kila asubuhi na kitambaa chake cha kioo, akazifagia zile hatua mbili ndefu mpaka udongo ukataka kuomba msamaha, na akarudi nyumbani akiwa hana raha. Nguvu iliyobaki aliimalizia kwingine. Alifagia uwanja wa madrasa na njia ya msikitini, na siku moja kituo cha bodaboda, ambako vijana walidhani wanafukuzwa.

Zubeda, dadake Mwinyihaji, alikuwa amesubiri siku kama hizi kwa miaka ishirini na sita.

"Wifi, nasikia siku hizi unafuga nyoka."

"Nafuga. Wana adabu. Wakifika kwako hawaingii, wanaogopa vumbi."

"Lakini Mama Mnara na nyasi kiunoni! Watu wanauliza mgonjwa ni nani."

"Waambie nimepona," alisema Mwanamkasi, lakini usiku huo hakula.

Mwezi wa Juni Maryanne alituma ujumbe: *Mama, kadi mpya inasema nyasi zimevuta! Zimevuta sana!* Mwanamkasi aliwasomea wanawake kwenye bomba la maji. Walimpongeza kama mtu anavyompongeza mwenzake ambaye mtoto wake kafaulu somo lisilojulikana. Mwezi wa Agosti, Mwinyihaji alimkuta ameinama ndani ya nyasi akiokota majani makavu moja moja. Alijitetea kwamba mkono si ufagio. Jioni hiyo Mwanamkasi mwenyewe alimpigia simu Maryanne kuungama.

"Nimeokota majani saba."

"Saba si neno, mama."

"Niyarudishe?"

"Hapana. Yaandike."

Aliyaandika.

Kufikia Januari mwaka huu nyasi zilikuwa zimepita kiuno na kukauka rangi ya mkate. Maryanne alirudi na ratiba. Moto wake ulikuwa umepangwa Jumanne ya pili ya Februari, saa nne asubuhi, kwa barua ya chifu na gari la zimamoto. Chifu alitaka pia hema na hotuba. Mtu pekee ambaye hakupewa ratiba ni Kazungu.

Kazungu, kwa maelezo yake mwenyewe, hajawahi kuwasha moto maishani mwake. Ni kwamba kila Februari, mbuzi wake wanapohitaji majani machanga, moto huwaka karibu na alipo. Jumamosi, siku tatu kabla ya hotuba, uliwaka.

Maryanne alikuwa Magongo akitafuta waya. Mwanamkasi alikuwa anaanika mihogo. Aliona moshi upande wa kaskazini, akaangalia saa, akampigia simu.

"Mwanangu, moto umekuja bila chifu."

"Uko wapi? Upepo?"

"Kaskazini, unakuja na upepo. Dakika ishirini utafika mnarani."

"Niko kwenye msongamano, sifiki. Nyaya zimefukiwa?"

"Zimefukiwa."

"Kioo?"

"Nimekipangusa asubuhi." Mwanamkasi aliutazama moshi tena. "Nifanye nini?"

"Usifanye kitu, mama. Hilo tu. Usifanye kitu."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Magongo. Majirani walikuwa tayari wanakuja na matawi mabichi, kama inavyofanyika miaka yote, na Zubeda alikuwa mbele. Mwanamkasi aliwapanga kando ya barabara, ambako ndiko kwenye nyumba, wazuie pale. Wawili walipotaka kuingia shambani kuuokoa mnara, akawakingia njia kwa ufagio.

"Hapana. Uacheni upite."

"Wifi, umerogwa?" Zubeda alipiga kelele. "Chuma cha chuo kinaungua! Kata nyasi hizo! Wewe na jembe dakika kumi tu unazimaliza!"

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Dakika kumi za jembe upande wa kaskazini, dakika tano za ufagio, na mnara ungekuwa salama kama kikombe kabatini. Pia ungekuwa umesimama bara mwezi ujao, kati ya twiga. Kama angeacha, labda kufikia jioni pangekuwa na mlingoti mweusi, na jina lingeondoka nao vilevile. Alisimama barabarani, mkono mmoja mgongoni.

Moto ulifika saa nane na dakika kumi. Haukuja kwa fujo kama watu wanavyohadithia. Ulikuja kwa mstari, ukila kwa sauti ya mtu anayekunjua karatasi, mikoche ikawaka ndevu zake za chini na kuzimika. Ulipoukaribia mnara, ndimi zake zilipanda hadi usawa wa mikono, na kwa muda mnara haukuonekana. Zubeda alimshika Mwanamkasi mkono na kusahau kuuachia. Kisha moto ulifika kwenye zile hatua mbili, udongo uliofagiwa kwa mwaka mzima na mtu mwenye hasira, ukatafuta jani moja la kukanyaga, haukulipata. Ukagawanyika, ukapita pande mbili, ukaungana mbele na kwenda zake kufia kwenye njia ya mchanga.

Baada ya kusubiri ardhi ipoe kidogo, Mwanamkasi alivaa viatu vya Mwinyihaji na kuingia. Mlingoti ulikuwa mweusi upande mmoja. Sanduku lilikuwa la moto. Alilifungua kwa pindo la kanga. Ndani, taa ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka na kuzimika kama kawaida.

Maryanne alifika saa kumi, akaruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama. Alichomeka kompyuta yake, akatazama, akaanza kuimba kwa sauti mbaya. Kila sekunde ilikuwepo: pumzi za asubuhi, joto lilivyopanda, kisha mlima wa kaboni ambao hakuna aliyewahi kuuona Mbuta, kisha kimya cha majivu. Swali lenyewe bado halina jibu. Nyasi ndizo zitakazolijibu masika yakija, na mnara utakuwepo. Maryanne alisema hivyo mbele ya watu, na Mwanamkasi akamtaka aseme tena kwa sauti ili Zubeda asikie.

"Jambo moja tu, mama," Maryanne akaongeza. "Majivu yasiguswe. Hata kidogo."

Mwanamkasi alizitazama ekari ishirini za masizi, vumbi jeusi likipeperuka, nyayo za kila mtu zikiwa zimetapakaa, zake zikiwemo.

"Leo kwako kama jikoni kwangu," Zubeda alisema, si kwa ubaya.

"Kwako ni zaidi. Hapa moto umepita mara moja."

Alitoa daftari sandukuni, akaandika akiwa amesimama. *Jumamosi. Moto umepita saa 8:10, umetoka kaskazini. Taa inawaka. Sikufagia.* Alilirudisha, akapangusa kioo, akaondoka.

Nyumbani jua lilikuwa linakaribia kuzama. Alichukua ufagio akaanza mlangoni, akaufagia uwanja wote mara ya kwanza, kisha mara ya pili kwa kukata mistari ya kwanza, bila kusema na mtu. Mwinyihaji alikuwa kibarazani na kahawa yake. Alimwona anakuja, akaweka kikombe chini, akainua miguu.